SOMO LA AFYA: LIPE JUA MGONGO

Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya malaria, chandarua na usafi wa choo. Safari hii somo ni la macho. Limetokana na swali ambalo watoto wa shule wananiuliza kila ninapopita nyumba kwa nyumba na kitabu changu cha VHT: je, ni kweli jua litapatwa tena mwaka 2027, na sisi tutalitazama kwa kitu gani?

Ni kweli. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, mchana, mwezi utapita katikati ya dunia na jua. Mahali ambapo jua litazibwa lote ni mbali na sisi: kusini mwa Hispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudi Arabia, Yemeni na ncha ya kaskazini ya Somalia. Huko Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6. Hapa Kyangwali, kama sehemu nyingine za Uganda, jua litaliwa kipande tu, halitafika nusu. Kuku hawataingia bandani. Asiyeambiwa huenda asijue kama kuna jambo lolote juu.

Wengine watasema, basi kama ni kipande tu hakuna hatari. Mimi nasema hatari ipo palepale, na nitaeleza kwa habari ya nyumbani kwetu.

JUMAPILI YA NOVEMBA 2013

Sisi tulivuka kuingia Uganda mwezi wa Julai 2013, wakati wa mapigano ya Kamango. Tulilala kwanza Bundibugyo, tukakaa Bubukwanga katika kambi ya muda, kisha malori yakatuleta Kyangwali. Nilikuwa na miaka 11. Hata choo chetu kilikuwa hakijaisha kuchimbwa tuliposikia kwamba Jumapili tarehe 3 Novemba jua litapatwa.

Siku hiyo mwezi uliziba jua lote katika njia nyembamba iliyotoka bahari ya Atlantiki, ikapita Gaboni na Kongo, ikaingia kaskazini mwa Uganda na kwenda hadi Turkana huko Kenya. Watu wengi, hata wageni kutoka Ulaya, walikusanyika upande wa Pakwach. Pale giza lenyewe halikufika hata nusu dakika. Redio ilikuwa imeeleza vizuri: kabla na baada tumieni miwani maalum, lakini zile sekunde ambazo jua limezibwa lote mnaweza kulitazama kwa macho.

Hayo yalikuwa maneno ya kweli, lakini yalikuwa ya watu wa Pakwach. Sisi tulikuwa kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka njia ile. Kwetu jua halikuzibwa lote hata sekunde moja, ulibaki ukingo mwembamba unaowaka. Nani angetueleza tofauti hiyo? Tulisikia neno moja tu, kwamba kukiwa giza unaweza kutazama.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa na miaka 15. Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limeinama upande wa ziwa. Alianza na beseni la maji, akainama kulitazama jua ndani yake. Halafu akatafuta picha ya eksirei ya kifua ya baba yake, ambayo tulikuwa tumeibeba kutoka nyumbani pamoja na vyeti. Mwanga ulipopungua na upepo kuwa baridi, akasema sasa ndiyo giza lile la redio, akaitupa eksirei na kutazama kwa macho. Mimi nilitaka kutazama pia, mama akanivuta sikio nikachote maji. Hadi leo namshukuru kwa sikio lile.

Kaka hakusikia uchungu wowote. Alikula, alicheka, alilala. Asubuhi ndipo aliponitazama na kusema, mbona pua yako sioni? Popote alipoelekeza macho palikuwa na doa la kijivu katikati, pembeni anaona sawasawa. Alifikiri ni tongotongo, akanawa na kusugua. Watu wakamwekea maji ya chumvi, siku nyingine maziwa ya mama anayenyonyesha. Wiki mbili zilipita ndipo alipofikishwa kwa mganga wa macho, akaambiwa kwamba nje ya jicho ni pazuri kabisa na kidonda kipo nyuma, na dawa ya kukifuta hakuna. Jicho la kushoto lilisafika baada ya miezi michache. La kulia lina doa mpaka leo. Yeye ni fundi cherehani katika senta, mnamjua wengi, na kutunga uzi kwenye sindano anamwita mtoto. Amenipa ruhusa nieleze habari zake ili mtoto mwingine asipate doa kama lake.

KWA NINI HUKUSIKIA UCHUNGU

Watoto wengi mmeshacheza na kioo cha kukuzia, mnakusanya mwanga wa jua kwenye karatasi mpaka inatoa moshi. Jicho nalo lina lenzi mbele. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuuweka kwenye utando ulio nyuma, unaoitwa retina, nao ndio unaopokea picha ya kila tunachokiona. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo sana tunayoitumia kusoma, kutambua uso wa mtu na kutunga uzi. Ukielekeza macho kwenye jua, mwanga wote unaangukia hapohapo.

Retina haina mishipa ya kusikia maumivu. Mkono ukigusa sufuria ya moto unaruka kabla hujafikiri, lakini retina haina wa kuionya. Tena mara nyingi si kuungua kama kwa moto. Mwanga wenyewe unaharibu chembe hai za kuonea, polepole, na madhara yanajitokeza baada ya saa kadhaa au siku ya pili. Ndiyo maana mtoto atakuambia, mama, nimetazama na sikuumia, naye hasemi uongo.

Siku ya kawaida hatulitazami jua kwa sababu linatuchoma macho na tunageuka. Jua likiliwa kipande, mwanga wote unapungua, macho yanastahimili, na mtu anakaza kutazama. Lakini ile sehemu iliyobaki ina ukali uleule wa siku zote. Mwaka 2017, baada ya jua kupatwa Marekani tarehe 21 Agosti, madaktari wa New York walipiga picha nyuma ya jicho la mwanamke kijana aliyetazama bila kinga. Walikuta kidonda chenye umbo la jua lililoliwa, kama mwezi mwandamo. Jua lilikuwa limejichora mle ndani.

Watoto wako hatarini zaidi kuliko sisi. Lenzi ya jicho la mtoto ni safi kama kioo kipya na inapitisha mwanga mwingi, na mtoto hachoki kutazama.

BESENI, EKSIREI NA VITU VINGINE

Nakaa kidogo kwenye beseni kwa sababu ndilo tunaloliamini zaidi, hata wazee wenye busara wanalipendekeza. Wanasema hutazami jua, unatazama maji. Tupige hesabu. Jua likiwa juu ya kichwa, maji yaliyotulia yanarudisha karibu sehemu 2 za mwanga katika kila 100. Ni kidogo, kweli. Lakini miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama jua haipitishi zaidi ya sehemu 3 na kidogo katika kila 100,000. Ukigeuza hesabu ya maji iwe ya 100,000 unapata 2,000. Kwa hiyo jua la ndani ya beseni lina mwanga zaidi ya mara 600 kuliko unaoruhusiwa. Na jua likiwa limeinama, kama lilivyokuwa ile jioni ya 2013, maji yanarudisha hata sehemu 10 na zaidi katika 100. Wapo wanaotia wino au masizi ndani ya maji. Haisaidii, kwa sababu mwanga unarudishwa na uso wa maji, hauzami kwanza.

Eksirei inapunguza ukali unaousikia, ndiyo maana inadanganya. Mahali penye picha ya mbavu pana mwanga mwingi, mahali pengine pana giza, na mtoto anaisogeza mpaka apate pa kuona vizuri. Kioo kilichopakwa moshi wa koroboi ni hivyohivyo, moshi haukai sawasawa na unafutika kwa kidole. Santuri za CD, karatasi zinazong'aa za biskuti, filamu za picha za zamani, chupa za bia: vyote tuviache. Miwani myeusi ya senta, hata iwe ya bei gani, inasaidia ukiwa njiani na jua kali, na ndugu zetu wenye ualbino wanaihitaji kila siku, lakini si ya kulitazamia jua lenyewe. Chini ya miwani hiyo mboni inafunguka zaidi kwa sababu ya giza, nao mwanga unaingia.

Darubini ni mbaya kupita vyote. Hapo ni kuungua kwa kweli, mara moja. Simu nayo haikukingi, kwa sababu ukitafuta jua kwenye kioo chake unajikuta umelichungulia pembeni, mara tatu, mara nne.

GEUKA, UTAONA VYOTE

Sasa habari njema, na haina gharama. Mtu anaweza kuona jua likiliwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kulitazama hata mara moja. Analipa mgongo.

Ingia katika nyumba yenye bati lililotobolewa na msumari. Mchana utaona sakafuni duara dogo la mwanga. Sisi tunafikiri ni umbo la tundu. Hapana, tundu la msumari huenda lina pembe, lakini duara la sakafuni ni mviringo mzuri, kwa sababu ile ni picha ya jua. Tundu dogo linachora picha ya kile kinachong'aa upande wa pili. Siku jua linapoliwa, yale maduara yote ya sakafuni yanaliwa kipande kwa pamoja. Asubuhi ya tarehe 21 Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya Korona, jua lilipatwa tena na hapa kwetu lilifunikwa sehemu kubwa. Nilimwita mama akae chini ya mwembe na kutazama ardhini. Katikati ya majani palikuwa na miezi midogo mingi imetawanyika juu ya mchanga, yote imeelekea upande mmoja. Mama alisema ni kama mtu amemwaga kucha.

Huna mwembe, tengeneza mwenyewe. Chukua kipande cha katoni, kitoboe tundu moja kwa pini au msumari mwembamba, tundu likiwa dogo ni bora. Simama jua likiwa nyuma yako, inua katoni juu ya bega ili mwanga upite kwenye tundu na kuanguka kwenye karatasi nyeupe iliyo mbele yako au chini. Usichungulie kupitia tundu! Kila mwaka yupo anayedhani tundu ni la kuwekea jicho. Tundu ni la mwanga, jicho linatazama karatasi. Umbali wa mita 1 kutoka tundu hadi karatasi unakupa jua lenye upana wa milimita 9 hivi, mita 2 unapata karibu sentimita 2. Ukisogea mbali picha inakua lakini inafifia, kwa hiyo karatasi iwe kivulini. Kung'uto la jikoni linatosha pia, litakupa majua mengi kwa mara moja. Hata vidole vya mikono miwili vilivyopishana kama kimia vinafanya kazi.

Kwa walimu ninapendekeza kioo cha kujitazamia. Kifunike kwa karatasi yenye tundu moja la ukubwa wa punje ya mhindi, kielekeze mwanga kutoka uani mpaka ukuta wa ndani ya darasa lenye giza. Umbali ukiwa mita 10, ukutani kutakuwa na jua la sentimita 9, darasa zima linaliona pamoja, na mwalimu anaweza kulizungushia chaki kila baada ya dakika kumi ili wanafunzi waone mwezi unavyosogea. Mtu mzima mmoja asimame kwenye kioo wakati wote, asije mtoto akakielekeza kwenye macho ya wenzake.

KAMA MIWANI MAALUM ITALETWA

Huenda shirika fulani likaleta miwani ya karatasi ya kutazamia jua. Iwe na maandishi ISO 12312-2, lakini maandishi peke yake hayatoshi, maana wapo wanaoyaiga. Ivae ukiwa ndani: usione kitu, hata taa iwe kivuli tu. Ukiona ukuta au mtu, itupe. Ikiwa na mkwaruzo, tundu, au kioo kimeachia pembeni, ikate kwa mkasi ili mtoto asiiokote. Unavaa ukiwa umegeuka, ndipo unainua uso, na unageuka tena kabla ya kuvua.

Kioo cha mafundi wa kuchomelea vyuma kinafaa kikiwa namba 12 hadi 14, na namba imeandikwa kwenye kioo chenyewe. Nimezunguka kwa mafundi wa senta yetu: wengi wanavaa miwani myeusi ya kawaida, na mmoja anafumba jicho moja tu. Kwa hiyo msiwaazime. (Na watoto wanaosimama kutazama cheche waondolewe. Ule mwanga unaunguza ngozi ya mbele ya jicho, usiku mtoto analia kama ana mchanga machoni. Huo una maumivu, na kwa kawaida unapona kwa siku moja au mbili. Wa jua ndio usio na maumivu.)

IKIWA MTU AMESHATAZAMA

Asubuhi inayofuata mpime. Afumbe jicho moja, kwa lile lingine atazame katikati ya ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, kisha abadilishe jicho. Akikuambia kuna doa katikati, mistari imepinda, herufi inakosekana, au rangi si kama jana, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na useme wazi kwamba alitazama jua. Sema hivyo, kwa sababu jicho kwa nje litaonekana zima na muuguzi anaweza kufikiri ni mengine. Watoto wadogo hawajui kueleza doa. Angalia kama anageuza kichwa pembeni ili akutazame, au anashindwa kusoma ubaoni.

Usiweke chumvi, maziwa, majani wala chai. Usinunue matone ya macho kwa muuzaji wa dawa bila kupimwa, mengine yanaleta ugonjwa mpya. Dawa iliyothibitishwa ya kurudisha retina iliyoharibiwa na jua haijapatikana, na mtu akikuuzia anakuibia. Hata hivyo usikate tamaa, wengi wanapata nafuu katika wiki na miezi inayofuata. Jua lilipopatwa Ulaya tarehe 11 Agosti 1999, watu 45 walifika katika hospitali moja mjini Leicester, Uingereza, wakilalamikia macho. Baada ya miezi 7, waliobaki na alama katika kuona kwao walikuwa 4. Kaka yangu ni wa kundi la hao wanne. Kwa mwanafunzi mwenye doa, wazazi wazungumze na mwalimu akalishwe benchi la mbele.

MASWALI MLIYOULIZA

Mama mmoja mjamzito aliniuliza kama mtoto aliye tumboni atapata alama. Hapana. Jua lililopatwa halitoi sumu wala mionzi mipya, ni jua lilelile na kivuli cha mwezi. Tembea, pika, nenda kliniki yako. Chakula kilichobaki nje hakiharibiki kwa sababu hiyo. Kuwafungia watoto ndani siku nzima nako siungi mkono, kwa sababu mtoto aliyefungiwa atachungulia kwenye tundu la dirisha, na hapo hakuna mtu wa kumwona. Ni afadhali awe nje na katoni yake, mgongo kwa jua, na mtu mzima karibu.

Baba mmoja aliuliza, mifugo je? Mbuzi hawana tabia ya kutazama jua. Hilo ni letu sisi watu.

Saa kamili ya kuanza na kumaliza kwa hapa kwetu tutaitangaza katika jarida hili na kwa kipaza sauti, kwa sababu saa za redio zinaweza kuwa za mji mwingine. Kabla ya hapo tutafanya mazoezi ya katoni na kioo katika shule za msingi. Hatuhitaji kungoja jua lipatwe, picha ya jua zima inaonekana mchana wowote usio na mawingu. Kila mtoto aje na kipande cha katoni, msumari mmoja mwembamba na karatasi nyeupe. Wenye vioo vya kujitazamia vilivyovunjika msivitupe, tuleteeni kipande kimoja kwa kila darasa, kingo zikiwa zimefungwa kwa kitambaa.